Kagunga Ndani ya Kompyuta: Kumbukumbu za Kuagiza Modeli ya Ugavi wa Dharura Kigoma

Mpango wa ugavi wa dharura ni kazi ya kuamua, kabla ya maafa kutokea, kitu gani kiwekwe wapi, kwa kiasi gani, na kifikishwe kwa njia ipi kwa watu ambao idadi yao bado haijulikani. Kwa kuwa maafa hayaji mara mbili kwa sura ileile, serikali na mashirika ya misaada yameanza kuagiza modeli za uigaji, yaani programu za kompyuta ambamo bandari, maghala, malori, vyombo vya majini na watu huwekwa kwa hesabu, kisha siku zikapitishwa mbio, mara mia au mara elfu, ili ionekane mzigo unakwama wapi na kwa muda gani. Katika taaluma hiyo huzungumzwa sana namna ya kuijenga modeli, na huzungumzwa kidogo namna ya kuiagiza. Lakini kumbukumbu za watu waliokaa upande wa waagizaji mkoani Kigoma, mwandishi wa makala haya akiwa mmoja wao, zinaonyesha kwamba kazi nyingi za aina hii hufaulu au huharibika kabla mtaalamu hajafungua kompyuta yake, katika kurasa mbili tatu za hadidu za rejea, ambazo ni maelezo ya maandishi ya kazi anayotakiwa mshauri elekezi kuifanya.

Tukio ambalo kila mpango wa ugavi katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika unapaswa kupimwa nalo ni lile la Kagunga, Mei 2015. Baada ya Pierre Nkurunziza kuteuliwa mwezi Aprili kugombea muhula wa tatu wa urais wa Burundi, na hasa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kujikusanya Kagunga, kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Kigoma, katika ukanda mwembamba wa ufukwe uliobanwa na milima mikali upande mmoja na ziwa upande wa pili. Gari halikuweza kufika. Makadirio ya katikati ya mwezi huo yalitaja watu wapatao 50,000 waliokuwa wakilala nje, wakinywa maji ya ziwa lilelile walilooga na kufulia, na tegemeo kubwa la kuwatoa lilikuwa MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipandevipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudishwa kazini mwaka 1927 kwa jina lake la sasa. Meli hiyo, ambayo mwaka 1997 ilikuwa imekwisha kuwarudisha wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 75,000 kwa safari za Kigoma na Uvira, safari hii ilibeba watu wapatao 600 kwa mara moja. Waliposhuka Kigoma walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Mpangaji anayetumia kalamu na karatasi angegawanya 50,000 kwa 600, akapata safari 84, na kama meli inakwenda mara mbili kwa siku, angeandika kwamba kazi itakwisha kwa siku 42. Hesabu hiyo ni sahihi na haina msaada wowote. Kwanza, haitambui kwamba watu walikuwa wakiendelea kuingia wakati wengine wakitolewa. Pili, na hili ndilo ambalo mtu asiyeijua pwani ya Tanganyika hawezi kulikisia, Kagunga wakati huo haikuwa na gati ambako meli kama Liemba ingeweza kufunga; meli ilisimama majini, na abiria walipelekwa kwa boti ndogo za wavuvi, wakapandishwa ubavuni mmoja mmoja, mama na mtoto mgongoni, mzee na godoro lake. Katika vituo vingi vya ziwa hili ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, hata kwa abiria wa kawaida na magunia ya dagaa. Kwa mfano, ikichukuliwa kwamba boti moja hubeba watu 30 na huhitaji nusu saa kwenda, kupandisha na kurudi, boti tano hufikisha melini watu 300 kwa saa, na kuijaza Liemba huchukua saa mbili. Boti moja ikiharibika injini, saa mbili hugeuka mbili na nusu, na upepo wa kusi ukianza kuvuruga maji mchana, hesabu yote hulazwa mpaka kesho yake. Ukubwa wa meli, ambao ndio uliotajwa katika kila taarifa, haukuwa kizuizi peke yake. Mwendo wa uokoaji mzima ulitegemea pia vyombo ambavyo havikuwa katika orodha ya mali ya taasisi yoyote.

Hapo ndipo modeli ya uigaji inapopata kazi yake, nayo ina asili ya mbali kidogo. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa maandishi ya kwanza ya nadharia ya foleni alipotaka kujua laini ngapi zinatosha mji mzima. Na mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo mtunza bohari yeyote anaweza kuitumia bila mashine, kwamba idadi ya walio katika foleni, kwa wastani, ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa siku ikizidishwa na siku ambazo kila mmoja anasubiri. Ikiwa watu 1,000 wanaingia Kagunga kila siku na kila mmoja anasubiri siku 10, ufukweni kutakuwa na watu 10,000. Kusubiri kukipungua hadi siku 4, watakuwa 4,000, ingawa hakuna aliyezuiwa kuvuka mpaka. Kiwango cha chini cha maji kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 50,000 wanahitaji lita 750,000 kila siku inayopita, na hiyo ina maana kwamba fedha za kukodi boti sita zaidi, kwa kupunguza siku za kusubiri, zingeweza kuokoa maji, vyoo na chakula ambavyo hakuna meli ya kuvileta. Mpango unaoweka usafiri katika jedwali moja na maji katika jedwali jingine hauwezi kuliona jambo hilo.

Kipindupindu kiliongeza uzito. Hadi tarehe 22 Mei 2015 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, na wagonjwa wapya walikuwa kati ya 300 na 400 kwa siku, wengi wao Kagunga. Mgonjwa mahututi wa kipindupindu huhitaji kwa wastani lita 8 hivi za maji ya dripu, ilhali yule ambaye hajazidiwa hutosheka kwa chumvi zinazoyeyushwa katika maji safi na kunywewa. Ikichukuliwa kwamba wagonjwa ni 350 kwa siku na robo yao wamezidiwa, dripu zinazohitajika ni lita 700, sawa na chupa 1,400 za nusu lita, kila siku, mahali ambapo kila katoni ilibidi ishushwe kutoka kwenye boti na mtu aliyesimama majini hadi kiunoni. Tena mambo haya hayakuenda kila moja kivyake: kadiri watu walivyosubiri ufukweni ndivyo maambukizi yalivyozidi, na kadiri maambukizi yalivyozidi ndivyo upakiaji ulivyohitaji uangalifu zaidi, na uangalifu huo ulirefusha kusubiri. Mzunguko wa aina hiyo, ambamo matokeo hurudi kuwa sababu, ulipewa namna yake ya uigaji na Jay Forrester katika chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1950, nayo ni tofauti na ile ya foleni iliyotokana na kina Erlang. Ya foleni humfuata kila mtu, kila boti na kila katoni. Ya Forrester huangalia wingi unaojaa na kupungua. Mwagizaji hatakiwi kujua kuziandika, ila anatakiwa kujua kwamba zote mbili zipo, kwa sababu mshauri elekezi, kama fundi yeyote, hupendelea ile aliyoizoea.

Ni nini basi kiandikwe katika hadidu za rejea? Maneno yanayoonekana mara nyingi ni ya kuboresha ufanisi wa ugavi, kuimarisha utayari na kujenga uwezo, na maneno hayo hayamfungi mtu yeyote kufanya jambo lolote. Modeli huagizwa kwa ajili ya uamuzi: lazima pawepo mtu mwenye cheo, tarehe ambayo atatakiwa kuamua, na njia mbili au tatu ambazo anaweza kuzichagua. Je, dripu za kutosha wiki mbili za kipindupindu ziwekwe Kigoma mjini, au Kasulu, au ziendelee kuletwa kutoka Dar es Salaam kila zinapohitajika? Je, ni boti ngapi zinazopaswa kuwa na mkataba wa kusubiri, unaolipwa hata zisipotumika, na zitoke mwalo gani, Kibirizi au Ujiji? Swali la namna hii linaweza kujibiwa, na jibu lake linaweza kukaguliwa baadaye. Palipokosekana uamuzi, kilicholetwa mwisho wa mkataba kilikuwa picha nzuri za rangi zinazotembea kwenye ramani ya ziwa, ambazo wageni walionyeshwa kwa muda, kisha kompyuta ikapangiwa kazi nyingine.

Suala la nani aketi mezani siku ya kuandika hadidu hizo halipaswi kuachwa liamuliwe na itifaki. Katika kikao kimoja kilichofanyika Kigoma, mtaalamu kijana alionyesha modeli ya awali ambamo meli ilitoka bandarini, ikafika Kagunga, na tarakimu ya abiria ikaruka kutoka sifuri hadi 600 papo hapo. Nahodha mmoja wa boti, mzee aliyekuwa amealikwa kwa ajili ya kujaza nafasi ya wadau, alinyoosha mkono.

“Mwanangu, hiyo meli yako imefunga wapi hapo?”

“Samahani mzee, imefunga Kagunga.”

“Kwenye nini?”

Kikao kilicheka, lakini siku iliyofuata modeli ilikuwa na boti, na matokeo yake yote yakabadilika. Nahodha huyo hakujua lolote kuhusu tarakimu nasibu, ambazo ni namba zinazotolewa na kompyuta bila mpangilio ili kuiga bahati, wala hakuhitaji kuzijua. Alichokuwa nacho hakikupatikana katika ripoti yoyote kati ya zile zilizorundikwa mezani.

Takwimu zenyewe zina mitego yake, na mtego mkubwa haukai katika pengo la takwimu bali katika takwimu zilizojaa zinazosomwa vibaya. Leja ya bohari moja, iliyoandikwa kwa mwandiko safi na kugongwa muhuri kila ukurasa, ilionyesha kwamba malori yaliyoondoka siku za katikati ya wiki yalipokelewa kwa siku zile zilizotarajiwa, wakati yaliyoondoka karibu na mwisho wa wiki yalichukua siku tatu zaidi. Mshauri aliiingiza tofauti hiyo katika modeli kama ubovu wa barabara. Mtunza bohari alipoulizwa alieleza kwa utulivu kwamba lori likifika Ijumaa jioni hushushwa usiku huohuo na vibarua, isipokuwa leja huandikwa Jumatatu, maana ufunguo wa kabati la vitabu huwa kwa mhasibu. Leja hiyohiyo ilihesabu dripu kwa katoni, hospitali ikaagiza kwa chupa, na jedwali la mshauri lilikuwa kwa lita. Ndiyo maana mkataba wa modeli unapaswa kutenga muda na fedha za kukaa na watunza bohari, kadi kwa kadi, kabla ya malipo ya pili kutolewa. Nao watunza bohari walipwe posho kama wanavyolipwa wakubwa wanaofungua warsha.

Jambo jingine ambalo halina budi kuandikwa wazi ni kwamba matatizo huja kwa pamoja. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 na yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, hukatika mara kwa mara mbali sana na ziwa, katika bonde la mto Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, kama ilivyotokea katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, ambapo tuta la reli lilizolewa na treni zikasimama kwa miezi. Modeli nyingi huchezesha kila ajali kwa nasibu yake: reli ikatike mara moja kwa miaka kadhaa, barabara iharibike mara moja, bandari ifurike mara moja, kana kwamba kila moja ina mvua yake. Kumbe mvua ni ileile. Msimu wa 2019 na 2020 uliokuwa na mvua nyingi kupita kawaida Afrika Mashariki nzima uliigusa reli hiyohiyo na wakati huohuo ukalijaza ziwa. Modeli inayotenganisha matukio hayo itatoa matumaini ambayo Kigoma haijawahi kuyaona, na mwagizaji asipoidai ihusishe mvua ya Kilosa na maji ya Ujiji, hakuna atakayemkumbusha.

Maji ya Ujiji yanastahili maelezo zaidi, kwa kuwa katika ziwa hili hata ufukwe hauna makazi ya kudumu. Mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa kwa mchanga na mimea katika miongo ya kati ya karne ya 19, ziwa likapanda, kisha maji yalipovunja kizuizi mnamo 1878 yakashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, na Ujiji ya zamani ikaachwa mbali na maji. Mwaka 2020 na 2021 yalirudi kwa kishindo kidogo zaidi, yakaingia katika sehemu za bandari ya Kigoma, mialo ya Kibirizi na Ujiji, na nyumba za ufukweni, kama yalivyofanya ng’ambo huko Uvira na Gatumba. Kwa hiyo mahali pa kushushia mizigo, ambapo wataalamu wengi hupaweka kama nukta isiyobadilika kwenye ramani, katika Tanganyika ni kigezo, yaani thamani ambayo mtumiaji anapaswa kuweza kuibadilisha kila mwaka kwa kusoma kipimo cha maji bandarini.

Ujiji hiyohiyo ina kisa cha kale cha ugavi ambacho watalii hukipita wakielekea kwenye mnara. David Livingstone alipoingia mjini Oktoba 1871 kutoka Manyema, mgonjwa na mwenye uhitaji, alitarajia kukuta vitambaa, shanga na mahitaji aliyotumiwa kutoka Unguja. Mtu aliyekabidhiwa mali hiyo alikuwa amekwisha kuiuza. Mali nyingine ilikuwa imekwama Unyanyembe, Tabora ya leo, kwa kuwa vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya misafara, njia ambayo Henry Stanley aliikwepa kwa kuzunguka kusini kabla ya kufika Ujiji muda mfupi baadaye. Kisa kizima kina yale mambo mawili ambayo waagizaji huona aibu kuyataja mbele ya wafadhili, yaani mali inayopotea mikononi mwa mwenye kuitunza na njia inayofungwa kwa bunduki. Yasipotajwa katika hadidu za rejea, hayaingii katika modeli, na modeli huendelea kufikisha ghalani asilimia mia ya kila kilichotumwa.

Kipindi cha kurejesha hali, kinachofuata baada ya watu kuokolewa, kina mwendo wake ambao uigaji wa siku za mwanzo hauwezi kuubeba. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilifurika hivi kwamba kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015 na ya Mtendeli Januari 2016, na mahitaji yakageuka kutoka ndoo na mahema kuwa mabomba, madarasa na kuni. Humo kizuizi hakikuwa malori tena. Mwaka 2017, na tena mwaka 2023, mgao wa chakula makambini ulipunguzwa kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili, na familia zikala nusunusu ilhali barabara ya kutoka Kigoma hadi Kasulu ilikuwa ikipitika vizuri kuliko miaka ya nyuma. Modeli ya urejeshaji hali isiyo na mlango wa kuingizia fedha, pamoja na ucheleweshaji wake, inaiga nchi nyingine.

Ukaguzi wa kazi iliyokamilika hauhitaji maneno mengi: modeli ipewe takwimu za Mei 2015 na itakiwe kuzaa foleni ya Kagunga, na kama haiwezi kuizaa foleni iliyotokea, isiaminiwe kuhusu ile ambayo haijatokea. Nchini Benin, ambako uigaji ulitumika kuupanga upya mnyororo wa ugavi wa chanjo, mabadiliko yalijaribiwa kwanza katika kanda moja ya afya, Comé, na busara hiyo inafaa kuigwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo mwaka 2021 lilipata tuzo ya Franz Edelman kwa kazi yake ya kutumia hisabati katika mipango ya chakula, lina wataalamu wake wa ndani wanaozitunza zana hizo kila siku. Kamati za maafa za mkoa na wilaya, zinazofanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, hazina wataalamu wa namna hiyo, na pale modeli ilipokabidhiwa bila mtu wa Kigoma anayeweza kuifungua na kubadilisha tarakimu, ilikuwa imeanza kufa siku ya makabidhiano.

Kufa huko hakuchukui muda mrefu. Miaka michache baada ya Kagunga, Liemba yenyewe iliondolewa kazini na kukaa miaka ikingoja ukarabati, na modeli yoyote iliyoendelea kuihesabia watu 600 kwa safari ilikuwa ikipanga uokoaji kwa meli iliyofungwa gatini. Kwa hiyo, yeyote atakayetakiwa kutia saini mkataba wa kazi kama hii mkoani Kigoma asitie kabla ya kuuona ukurasa unaotaja, kwa cheo, ni nani atakayeandika upya kila mwaka meli ipi inatembea, boti ngapi zinapatikana na maji yamefika wapi, na mshahara wake unatoka fungu gani.